Tangi la Miaka Thelathini

Hoja: Mtu wa kawaida anaweza kufuga matumbawe hai na samaki wa mwambani nyumbani kwake, wakabaki na afya, bila bahari kubebeshwa gharama.

MFUGAJI: Naiunga mkono hoja, na naanzia kwenye maji kwa kuwa wanaoipinga huanzia kwenye huruma. Matangi mengi ya maji ya bahari hufa kwa sababu wenye nayo huhukumu kwa macho. Maji yakiwa maangavu, mtu hudhani mambo ni shwari, kumbe amonia haina rangi, na kiwango kidogo kinachotosha kuua samaki hakinuki. Samaki huitoa kwa matamvua kila apumuapo, na chakula kilichobaki chini kikioza huongeza nyingine. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni karibu 8.2, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huwa kubwa kuliko katika maji ya mtoni. Kinachookoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, na ndani kabisa ya mawe yenye vitundu, pasipofika oksijeni, kundi la tatu huimalizia nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Kwa kawaida jamii hiyo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 jinsi mawe ya mwambani yenye viumbe vyake, pamoja na mapovu ya hewa, yalivyoweza kubeba tangi la matumbawe; baadaye wafugaji wa Berlin wakaongeza taa kali na kichujio cha povu. Kwa hiyo maarifa yapo, na mengi ni ya bei ya subira tu: pima, ngoja, ingiza samaki mmoja mmoja. Anayeshindwa hashindwi na maumbile.

MTAFITI: Ndugu Mfugaji, umeeleza wiki sita za kwanza na umezieleza vizuri. Mimi nauliza habari za wiki ya 1,500. Umri wa samaki husomwa kwa kuhesabu pete zilizo kwenye vijiwe vya sikio, na kwa njia hiyo aina kadhaa za kangaja zimeonekana kuishi miaka 30 na zaidi. Hata samaki wa anemoni, kadogo kale ka rangi ya chungwa kenye mistari myeupe ambako watoto wanakajua kutoka sinema ya mwaka 2003, amekadiriwa kufika umri kama huo porini. Basi tukisema tangi lina afya, tunapima nini? Ukinionyesha tangi la miezi kumi na minane, lenye rangi zote za kanga, nitauliza swali moja: kati ya waliomo leo, wangapi walikuwamo siku ya kwanza? Hatusifu hospitali kwa kuwa kila kitanda kina mgonjwa mpya. Kipimo cha afya ya tangi ni muda ambao viumbe wale wale wameishi humo, na kwa kipimo hicho matangi mengi yanayopigwa picha yamefeli.

MVUVI: Daktari, huyo kangaja wa miaka thelathini yuko baharini? Kwa kila mmoja anayefika umri huo, wangapi wameishia tumboni mwa chewa na mkunga? Mnazungumza kana kwamba mwamba ni nyumba ya wazee. Samaki ninayemtoa mimi Shimoni kwa wavu wa mkono, kwa miwani na pumzi yangu, hakuwa ameahidiwa maisha marefu na yeyote.

MTAFITI: Mzee, hesabu yako ni sahihi ila umeianzia mahali pasipofaa. Vifo vingi vya samaki wa mwambani hutokea wakiwa bado mayai na lava wanaoelea, kisha katika siku chache baada ya kutua mwambani. Unayemnasa wewe, hata akiwa mdogo, tayari amepita mlango ule. Bahari imeshalipa gharama ya maelfu ili kumpata yeye. Na aliyeliwa na chewa amekuwa chewa. Aliyekufa ndani ya mfuko wa plastiki katika uwanja wa ndege hakumlisha mtu wala samaki.

MFUGAJI: Kipimo cha muda nakikubali, tena nakitaka, kwa sababu kinaamua ugomvi mwingine uliopo kati yetu sisi wafugaji wenyewe. Wageni wa kazi hii huhangaikia nambari kamili: kalsiamu ngapi, magnesiamu ngapi. Bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi kwa kilo ya maji, kalsiamu ya karibu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu inayokaribia 1,300. Ni vizuri kuzijua. Lakini matumbawe yanaweza kukua kwenye tangi ambalo ualkali wake ni nyuzi 7 za Kijerumani, na yakakua kwenye jingine lenye nyuzi 10. Kinachoyaunguza ncha ni kupandishwa kutoka 7 hadi 10 kwa usiku mmoja. Ghafla ndiyo adui. Chukua tangi la lita 200. Maji yakipungua lita 10 kwa mvuke, chumvi haiondoki nayo. Ile 35 inakuwa karibu 37, na samaki hawezi kuhama. Ndiyo maana kinachoongezwa kila siku ni maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa osmosisi, si ya bomba yenye klorini wala ya kisima cha pwani yenye mambo yake. Joto nalo ni hivyo hivyo. Nairobi usiku wa Julai unahitaji hita. Mombasa mwezi wa Machi unahitaji kipoza maji, kwa sababu feni inayopuliza juu ya tangi hupoza kwa kuongeza mvuke, na katika hewa yenye unyevu wa pwani mvuke wenyewe hauendi kwa kasi. Anayeelewa haya hununua tangi kubwa kuliko alivyokusudia na samaki wachache kuliko alivyotamani. Maji mengi hubadilika polepole. Hiyo ndiyo siri nzima ya wiki ya 1,500.

MVUVI: Sasa hapo nakukatiza, bwana. Bahari yenyewe inatulia lini? Kusi ikivuma maji hupoa na kuchafuka, kaskazi ikija hupata moto. Bamvua ikipwa, matumbawe ya kwenye magenge hubaki yakichomwa na jua la saa saba. Masika Mto Sabaki unateremsha matope mpaka maji ya Malindi yanakuwa kama chai ya maziwa. Kama ghafla ni adui, mwamba wetu ungekuwa umekufa tangu enzi za mababu.

MTAFITI: Mzee amegusa penyewe, na jibu lake linamwumiza Mfugaji kuliko mimi. Matumbawe yanayovumilia jua la maji kupwa ni yale ambayo wazazi wake walivumilia. Yasiyoweza hayakuota pale. Karibu na mdomo wa Sabaki huoni mwamba mnene kama wa Watamu, kwa sababu matope na maji yasiyo na chumvi yameshafanya uteuzi wake. Tena mabadiliko hayo yana majira, na kiumbe kimezoea majira. Kinachoua ni kutoka nje ya majira hayo. Joto la bahari likizidi kilele chake cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, na likakaa hivyo kwa wiki kadhaa, matumbawe hutapika mwani wa seli moja unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe. Mwaka 1998 jambo hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe kutoka Kenya hadi Tanzania na kwingine katika Bahari ya Hindi ya Magharibi. Likarudi mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Bahari nzima ilihitaji wiki kadhaa ili ivuke mpaka. Tangi la lita 200 lenye taa juu yake, umeme ukikatika adhuhuri ya Machi, linahitaji saa chache. Na kabla joto halijaua, oksijeni itakuwa imekwisha, kwa kuwa pampu ndiyo iliyokuwa ikivuruga uso wa maji ili yapumue.

MFUGAJI: Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inamaliza tatizo la oksijeni kwa bei ya chakula cha samaki cha miezi michache. Daktari anachukua uzembe na kuufanya sheria ya maumbile.

MTAFITI: Nachukua takwimu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kuhusu biashara hii, iliyotolewa mwaka 2003, ilikadiria wafugaji wa maji ya bahari duniani kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2, na samaki wa mwambani wanaouzwa kila mwaka kuwa kati ya milioni 20 na milioni 24. Gawanya mwenyewe. Ni samaki kumi hadi kumi na sita kwa kila mfugaji, kila mwaka. Kama viumbe hawa wangekuwa wanaishi robo tu ya umri wao, matangi yangekuwa yamejaa kufikia mwaka wa pili, na biashara ingesimama. Haikusimama. Kwa hiyo, ama wafugaji wana matangi yenye ukubwa wa bandari ya Kilindini, ama samaki wanakufa na kununuliwa wengine.

MFUGAJI: Au hesabu imechanganya mambo. Humo wamo waliokufa safarini kabla ya kumfikia mfugaji yeyote, wamo wa maonyesho ya umma, na kila mwaka wapo watu wapya wanaoanza na kujaza matangi matupu. Isitoshe, ni makadirio ya zaidi ya miaka 20 iliyopita, kabla taa za LED hazijashusha joto na gharama, kabla kubadilishana vipande vya matumbawe hakujawa jambo la kila mtaa katika miji ya Ulaya na Marekani.

MTAFITI: Nakupunguzia nusu. Wanabaki watano hadi wanane kwa mwaka. Wako wapi?

MFUGAJI: Wengine wamekufa, sikatai. Lakini angalia wamekufa kwa nini, maana sababu inayojulikana inaweza kuondolewa. Samaki husafirishwa kwenye mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, akiwa amefungishwa njaa siku moja au mbili ili asichafue maji. Ndani ya mfuko hewa ya kaboni anayoitoa hushusha pH, na hilo huifanya amonia iwe pole. Mnunuzi asiyejua hufungua mfuko, akauacha wazi, akamwagia maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima akidhani anamzoesha. Kaboni inatoka, pH inapanda, amonia ile ile inageuka sumu, na samaki anaungua matamvua kwa upole wa mwenyewe. Kisha ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake huchimba chini ya ngozi, na dawa yake ya kawaida ni shaba, ambayo kwenye tangi la matumbawe huua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Kwa hiyo kila samaki mpya anatakiwa kukaa karantini kwenye tangi tupu la pembeni kwa wiki kadhaa. Wanaofanya hivyo ni wachache, kwa sababu duka halimwambii mteja habari inayochelewesha mauzo. Haya yote ni makosa ya mikono. Mikono hufundishwa.

Na nikiruhusiwa kuendelea, kuna upande ambao Daktari ameuruka. Matumbawe yanapojenga mifupa yake hunyonya kalsiamu na ualkali kutoka kwenye maji, kwa uwiano usiobadilika: kila miligramu 20 za kalsiamu kwa lita huondoka na karibu nyuzi 2.8 za ualkali. Njia ya zamani na iliyo rahisi ya kuvirudisha vyote viwili kwa uwiano huo huo ni maji ya chokaa, chokaa safi ya maabara, yakidondoshwa tone kwa tone usiku kwa kuwa ni makali. Pwani hii ilichoma matumbawe kwa karne nyingi kupata chokaa ya kuta za Kilwa, Gedi na Lamu. Tangi linaigeuza safari ile: chokaa inaingia, matumbawe yanatoka. Kipande cha kidole kimoja kikikatwa leo huwa kichaka, na kichaka hukatwa vipande vya watu ishirini, bila mtu kugusa mwamba wa bahari. Kwa matumbawe, ndugu zangu, hoja hii imeshashinda.

MTAFITI: Kwa matumbawe nakupa nusu ya ushindi, na naitoa bila kinyongo. Ripoti ile ile ilitaja vipande milioni 11 hadi 12 vya matumbawe vikiuzwa kwa mwaka, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES kwa sababu iliyo wazi. Kila kipande kinachokatwa tangini kinapunguza haja ya nyundo baharini. Sayansi nayo imefaidika. Kundi la Jörg Wiedenmann wa Southampton lilionyesha mwaka 2013 kwamba matumbawe yenye naitrojeni nyingi na upungufu wa fosfati hupauka upesi zaidi kwa joto na mwanga, na hilo lilionekana kwa sababu walikuwa na matangi ya kujaribia. Wafugaji waliokuwa wakisugua maji mpaka fosfati iwe sifuri walijifunza humo kwamba usafi uliopitiliza ni njaa. Jamie Craggs na wenzake wa Jumba la Makumbusho la Horniman, London, walichapisha mwaka 2017 jinsi walivyoiga mwezi, machweo na joto la majira mpaka matumbawe yakatoa mayai na mbegu ndani ya jengo, na mwaka 2019 The Florida Aquarium wakafanikisha hilo kwa matumbawe ya nguzo ya Atlantiki, ambayo porini yanatoweka. Lakini ona ni akina nani niliowataja. Wana mishahara, mafundi wa zamu, jenereta. Hoja yetu inasema mtu wa kawaida. Na inasema samaki pia, ambao hawakatwi vipande.

MFUGAJI: Samaki huzalishwa. Wa anemoni wanazalishwa kibiashara tangu miaka ya 1970. Kangaja wa njano wa Hawaii alikuzwa kutoka yai mwaka 2015, yule wa buluu wa kwenye sinema mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Florida. Lava zao ni wadogo mno, na kupata chakula kinachoingia midomoni mwao ndiko kulikochelewesha kazi. Kimeshapatikana. Sheria yangu basi ni hii: matumbawe ya kukatwa, samaki wa kuzalishwa, karantini kwa wote, na asiyeweza kulipia betri asianze. Nani atabaki na lawama?

MVUVI: Nitabaki mimi na njaa. Umeisafisha roho yako kwa kunitoa kwenye hesabu. Sikilizeni, kwa sababu mmesema kuhusu samaki wangu muda mrefu bila kuniuliza bei yake. Ripoti ile mnayoitaja wote wawili ilisema pia kwamba katika nchi moja ya visiwa, mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, na kilo ya samaki wa kitoweo dola 6. Mimi siipati hiyo mia tano, inaishia njiani, lakini hata makombo yake yanazidi kitoweo. Kangaja nisipomtoa hai, ataingia kwenye dema, au atazolewa na juya linalokokotwa juu ya matumbawe na kuyavunja. Mwenye juya anahitaji kilo. Mimi nahitaji wachache, wazima, wasio na mkwaruzo, na nahitaji mwamba ule uwe hai mwakani. Siwapandishi haraka wakapasuka vibofu. Wakati kazi hii ilipokuwa ikifanywa kwa sianidi kule Ufilipino, huku tulikuwa na nyavu. Sasa mtu ananiambia samaki wa Florida aliyezaliwa kwenye ndoo ni halali zaidi kuliko wa kwetu. Halali kwa nani? Ukimtoa mvuvi wa samaki hai, unadhani atakwenda ofisini? Atanunua juya.

MFUGAJI: Mzee, siwezi kukujibu hilo kwa kupima maji.

MVUVI: Hapana, huwezi. Kule Brazili, Barcelos ya Mto Negro, watu wameishi miaka mingi kwa kuvua visamaki vidogo vya mapambo, na hoja ya wanaoutetea uvuvi huo ni kwamba ndio uliowapa sababu ya kuuacha msitu usimame. Wazungu walipoanza kuwazalisha visamaki hao mabwawani nje ya Brazili, msitu ulifaidika nini?

MTAFITI: Hapa naungana na Mzee dhidi ya Mfugaji, halafu nitaungana na Mfugaji dhidi ya Mzee, mtanisamehe. Ni kweli kwamba mwamba usio na faida kwa anayeishi kando yake hauna mlinzi. Lakini Mzee anazungumzia uvuvi kana kwamba kila samaki ni sawa. Chukua kale kadogo kembamba kenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, anayesafisha wenzake. Yumo miongoni mwa wanaotolewa pwani ya Kenya kwenda nje. Baharini ana kituo chake, na samaki wakubwa huja kupanga foleni awatoe vimelea. Majaribio ya kumwondoa, katika Bahari ya Shamu na Australia, yalionyesha aina za samaki kwenye mwamba husika zikipungua. Mfugaji humnunua kama daktari wa madoa meupe, na hawezi kuyatibu, kwa sababu kimelea kile kiko chini ya ngozi, na chakula chake yeye ni vijidudu vya juu. Basi anatolewa kwenye kazi anayoiweza, anapelekwa kwenye kazi asiyoiweza, na huko mara nyingi hufa kwa njaa. Na pale Kuruwitu, Kilifi, wanajamii walipotenga hekta 30 mwaka 2005, ukusanyaji wa samaki na matumbawe ya mapambo usio na mpaka ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha. Tengefu ile haikuanzishwa na watafiti.

MVUVI: Ilianzishwa na wavuvi, Daktari. Uikumbuke hivyo ukiisema. Huyo msafishaji niko tayari kumwacha kesho, akiachwa na kila mtu siku moja, si mimi peke yangu halafu jirani yangu akamchukua. Lakini 1998 haikuletwa na wavu wangu. Mmenihesabia kangaja mmoja mmoja, na joto lililopausha mwamba mzima limetoka kwenye moshi wa nchi zile zile zinazonunua samaki. Taa inayowaka juu ya tangi saa kumi kwa siku, pampu isiyolala, ndege inayobeba mfuko wa maji usiku kucha: hizo nazo ziko kwenye gharama ambayo hoja inasema bahari haibebi?

MFUGAJI: Zimo, na ni ndogo ukilinganisha na—

MVUVI: Kila mtu yake ni ndogo.

MTAFITI: Niongeze moja ambayo si ndogo. Mfugaji anayechoka hafanyi karantini ya kumaliza ufugaji. Anafungua mlango. Mwani wa Caulerpa ulionekana mwaka 1984 kwenye maji yaliyo chini ya jumba la makumbusho la bahari la Monaco, lenye matangi yake, ukaenea Mediterania. Samaki wa jenasi Pterois, wenye miiba ya sumu, na mmojawapo ni Pterois miles wa bahari hii yetu, walionekana Florida tangu 1985, na sasa wako Karibi nzima wakila samaki wadogo wasiowajua kuwa ni adui; maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walitoka matangini. Hilo linatokea hasa kwa sababu mnyama anaweza kuishi muda mrefu kuliko hamu ya mwenyewe. Narudi pale pale: miaka 30. Mtu huhama nyumba, hubadili kazi, hupata watoto, huzeeka. Hakuna anayemuuliza mnunuzi, kangaja huyu utamrithisha nani?

MFUGAJI: Basi aulizwe. Duka lichukue jukumu la kumrudisha samaki anayeachwa. Na mimi nitakubali hesabu ya Daktari iandikwe mlangoni: si samaki wangapi wameuzwa, ni wangapi wa mwaka juzi wako hai. Tangi lisiloweza kuonyesha hilo lisiuziwe mwingine. Je, hoja haijasimama hapo?

MTAFITI: Imesimama, ila imebadilika sura. Ukitimiza masharti yako, mtu wa kawaida ametoka, amebaki mtu mmoja mwenye subira kati ya kumi wanaotamani. Na wale watano hadi wanane kwa mwaka wanashuka kuwa mmoja katika miaka kadhaa. Biashara kama ilivyo leo inaishi kwa vifo; samaki akifa, mwingine anaagizwa. Matangi yote yakipona, Mzee, utauza wangapi?

MVUVI: Wachache. Nimeshaiona hiyo tangu mlipoanza. Kwa hiyo bei ipande.

MFUGAJI: Nilipe zaidi kwa samaki yule yule?

MVUVI: Yule yule, mara moja, badala ya kulipa kidogo mara sita ukizika watano. Na ile ziada ifike Shimoni. Isikwame uwanja wa ndege.

MTAFITI: Na nani atahakikisha imefika?

MVUVI: Hilo muulize mnunuzi. Mimi risiti yake sijawahi kuoneshwa.